Hostia Zisizovunjika

Sista Nasimiyu alijiponza kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa kujisifu. Hakuna aliyemchongea. Angenyamaza tu asubuhi ile, akamwaga uji wake wa ngano kwenye chuma cha kuokea hostia za Misa na kuendelea na kazi, labda leo angekuwa na pete ya utawa kidoleni, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Padre Wamalwa alikuwa amepanda Molo kumwongoza katika mafungo, zile siku za sala na ukimya kabla ya nadhiri za daima. Alikuwa padre kijana, msomi, mtu wa kuvaa sweta mbili na bado kutetemeka. Baada ya chai alijipenyeza kwenye chumba cha kuokea hostia, si kwa ibada bali kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na joto. Masista wa Meza ya Bwana walikuwa wanne tu katika nyumba ile, na chumba hicho ndicho kilichowalisha. Hostia zao zilishuka hadi parokia za Nakuru mjini, zikafika mpaka Kamere kule ziwani Naivasha.

"Jipashe moto, Padre," Nasimiyu alimkaribisha. "Huku Molo ukikaa mbali na moto unakuwa kama maziwa ya friji."

Padre akaokota hostia moja, akaipinda kidogo kwa vidole. Haikuvunjika. "Zenu ni tofauti kabisa. Zile tulikuwa tunanunua kwingine, ukifungua pakiti unapata makombo. Siri yenu ni nini?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema ni neema ya Mungu na kuishia hapo. Lakini mtu akisifiwa kwa kazi aliyoihangaikia peke yake, ulimi humwasha. Kwa muda mrefu alikuwa amengoja mtu amuulize.

"Ni wanga, Padre."

"Wanga gani?"

"Wa viazi. Lori zikishapakia hapa shambani kwa jirani, kunabaki vile vimekatwa na jembe. Naokota, nakwaruza, naosha, naacha maji itulie. Ule weupe unabaki chini, naanika. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo ndio kola ya baba isimame akienda kazi ya reli. Sasa nikichanganya na unga, hostia inashika vizuri, halafu inakuwa nyeupe. Si unaona?"

Padre alitabasamu kama mtu anayengoja sehemu ya kuchekesha ifike. "Unaweka kidogo tu?"

"Nilianza na kijiko. Unga ya ngano ilipopanda bei mwaka jana nikaongeza. Saa hii ni nusu kwa nusu, na hakuna mtu amewahi kulalamika."

Tabasamu likamtoka Padre. Akairudisha ile hostia mezani polepole, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena bila kumtazama.

"Sista, mkate wa Misa ni ngano na maji. Basi. Ukitia kitu kingine kiasi hiki, sio mkate wa Misa tena. Padre anaweza kusema maneno yote, kengele ilie, watu wapige magoti. Hakuna kinachotokea."

"Hakuna kinachotokea kivipi?"

"Inabaki vile ilivyokuwa. Unga na viazi."

Nasimiyu alisimama na kijiko kikubwa mkononi, na uji ukawa unadondokea viatu vyake. Kazi ile alifundishwa na Sista Cheptoo, marehemu sasa, ambaye alimwonyesha kila kitu: chuma kipate moto kiasi gani, uji uwe mwepesi namna gani, sala ipi isemwe unapofunga mfuniko. Kuhusu kuongeza vitu hakusema neno, kwa sababu haikumjia akilini kwamba kuna mtu angeongeza. Nani humkanya mpishi asitie sabuni kwenye ugali? Nasimiyu alijua ni ngano, ndiyo. Lakini wanga aliuona kama mafuta ya kupaka kikaango, jambo la jikoni, si jambo la altare.

Hakuwaza parokia, wala jimbo. Aliwaza kitanda kimoja katika nyumba ya chumba kimoja kule Section 58, mtaa wa kwao Nakuru, na baba yake akiwa amefumbua mdomo kama kifaranga.

*

Mama Mkuu, Sista Jepkosgei, aliwasikiliza akiwa ameketi, magoti yake yamefungwa blanketi. Sista Kui, mwalimu wa shule ya chekechea ya masista, alisimama mlangoni. Sista Chepkurui, mkongwe wa nyumba, alikuwepo pia, lakini masikio yake yalishaacha kazi, akaendelea na rozari yake.

"Hii habari iende kwa Askofu," Padre alisema. "Misa zirudiwe. Kuna watu walitoa nia za Misa kwa marehemu wao. Kuna wagonjwa walipewa komunyo ya mwisho."

"Padre, baba yangu," Sista Kui akaingilia, ingawa Wamalwa angeweza kuwa mdogo wake, "unajua tukipeleka hii maneno leo, kesho hatuna kazi? Hiyo chuma ndio inanunua kuni, inanunua hata hiyo sukari uliweka kwa chai."

"Najua, Sista."

"Hujui. Wewe unakula parokiani."

"Kui," Mama Mkuu alimkata. Kisha akamgeukia Padre kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeomba na hajazoea kuomba. "Jumamosi wiki ijayo huyu msichana anaweka nadhiri za daima. Tangu ile korona hatujapata mwingine. Waliokuja kujaribu walirudi kwao, baridi na sukuma wiki viliwashinda. Watu wa Molo wanasema nyumba yetu ni ya wazee wanaongojea jeneza. Wacha sherehe ipite. Ikishapita nitaenda mwenyewe kwa Askofu, kwa haya magoti yangu. Hostia zilizobaki parokiani tunazikusanya kesho. Parokia tutawaambia zimeingia unyevu."

Padre alikuwa mtu mzuri, na watu wazuri hupata shida kumkatalia mama mzee. "Mpaka sherehe," alisema hatimaye. "Siku moja zaidi, naenda mimi."

Nasimiyu akauliza. "Na waliokufa, Padre? Wale walipokea hiyo yangu halafu wakakufa?"

"Mungu hafungwi na unga wetu, Sista. Anaona moyo wa mtu."

"Najua. Lakini nauliza, walipokea nini?"

Padre aliangalia sakafu. "Walipokea mkate tu. Wa hivyo hivyo."

Mama Mkuu akanyoosha mkono, akamshika Nasimiyu kidevu kama mtoto. "Sasa nisikilize. Hili neno halitoki kwa hii nyumba mpaka nilitoe mimi. Si kwa rafiki, si kwa mtu wa kwenu. Nakuomba kwa utii wako. Umenisikia?"

Nadhiri za muda za Nasimiyu zilikuwa zinafika mwisho Jumamosi ile ile. Usipoweka za daima siku hiyo, wala kuongezewa muda, unaamka kesho yake u mtu wa kawaida kama muuza nyanya. Alikuwa ameingia pale akiwa msichana wa kusuka nywele, na hakuna maisha mengine aliyoyajua wala kuyatamani. Alitaka kufa akiitwa sista. Kila usiku aliiomba siku ile, na sasa iliwekwa mbele yake na kamba shingoni.

"Nimesikia, Mama," akajibu.

*

Kudanganya ni kazi ngumu kwa mtu asiyeizoea. Weldon, dereva wa pikapu ya masista, alimzungusha parokia baada ya parokia, naye kila mahali akarudia yale yale: zimeingia unyevu, mashine ina shida, poleni sana. Wengi walimpa makopo bila neno. Kule Kamere alimkuta Fancy, katekista, mwanamke wa kufanya kazi kwenye shamba la maua siku sita na kanisani ya saba, naye hakuwa wa kubebeshwa maneno.

"Unyevu wapi?" Fancy alifungua kopo, akanusa, akavunja moja kwa shida. "Hii ni kavu kama biskuti. Sista, hizi ndizo tunapenda. Padre mwenyewe alisema hajawahi kuona hostia safi kama hii. Wacha tumalize hizi, mtatuletea zingine."

"Haiwezekani, mama."

"Kwani zina nini?"

"Zina unyevu."

Fancy akasukuma kopo upande wake kwa ncha za vidole, jinsi mtu anavyosukuma sahani iliyotua nzi. "Haya. Lakini kama mmetulisha kitu, Mungu anawaona."

Walipokuwa wanapanda kurudi, Weldon alizima redio. "Sista, usijali. Huyo mathe ni wa kelele tu. Watu wanabonga, wanasema wee, wanachoka." Neno la Fancy, mmetulisha kitu, lilikaa na Nasimiyu mpaka Molo. Baada ya siku mbili lilikuwa limefika huko lenyewe, likiwa limenenepa njiani. Pale dukani waliponunua chumvi, mwenye duka aliuliza, kama utani, iwapo ni kweli kuna sista aliyetia dawa kwenye hostia ili watu watoe sadaka.

Makopo yalipangwa jikoni. Zile hazikuwa zimebarikiwa, zilikuwa unga tu, na katika nyumba ya maskini unga hautupwi. Sista Kui alisema wazi kwamba mkate wa kununua hautaonekana mezani mpaka hizi ziishe. Basi ikawa asubuhi na jioni wanakula hostia na chai, konzi kwa konzi, kama njugu. Sista Chepkurui, ambaye hakuelezwa lolote, alizipokea moja moja kwa ulimi huku amefumba macho, kisha akajifanyia ishara ya msalaba. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsimamisha.

Nasimiyu aliweka moja mdomoni. Ilinata kwenye kaakaa. Akainywea chai, ikabaki pale pale.

"Kula," Sista Kui alimwambia bila kumwangalia. "Ni upishi wako."

*

Mama yake alifika Alhamisi alasiri, amebeba mfuko wa kitenge. Alikuwa ameshonesha sare ya ukoo mzima, rangi ya machungwa yenye maua ya samawati, ili Jumamosi watu wa Section 58 wakiingia kanisani waonekane. Vazi lake alilivaa tayari, eti alijaribie njiani. Alipewa chumba cha wageni, akatandaza sare kitandani, akawa anazigusagusa.

"Hii ni ya shangazi yako. Hii ya Odongo jirani, amesema lazima avae, hata kama yeye ni Mjaluo. Nasimiyu, umekonda. Hawa watu wanakupatia chakula?"

"Wananipatia, Mama."

"Kaa chini basi. Unasimama kama polisi."

Akaketi. Mama yake akaanza ile hadithi, kama alivyoianza kila walipoonana tangu mazishi ya baba. Mzee Makhanu alikaa benchi la nyuma kanisani maisha yake yote, kwa kuwa hakuwa amefunga ndoa ya kanisa. Wengine wakijipanga kupokea, yeye alikuwa anainama anajifanya anafunga kamba za viatu. Watoto wa jumuiya walimwita Mzee Kamba. Alipolala kitandani na mapafu yamekwisha, ndipo alipokubali padre aitwe. Wakafungishwa ndoa pale pale, yeye amelala, mkewe amepiga magoti juu ya sanduku la sufuria. Na binti yake, Sista, alikuwa ameleta hostia katika kikopo kidogo, alizozioka kwa mkono wake mwenyewe, akamwomba padre asome Misa kwa hizo.

"Ile siku alikataa hata chai," mama yake alisema. "Nilimwambia, mzee, wewe ni mgonjwa, Kanisa inaruhusu. Akasema hapana, nimengoja miaka yote, nitangoja na tumbo tupu. Midomo imekauka hivi. Halafu akapokea. Ukaona vile alilia? Mimi sijawahi kuona huyo mwanaume akilia. Nikiwa kwa jumuiya, akina mama wakianza kunipa pole, nawaambia msinipe pole, mzee wangu alikwenda na Yesu ndani yake. Hiyo tu ndio inanishikilia, Nasimiyu. Hiyo peke yake. Kodi imenishinda, magoti yananiuma, lakini nikikumbuka hiyo nalala."

Nasimiyu alijua kwamba angeweza kunyamaza. Alikuwa ameamriwa anyamaze, na amri ile ilikuwa kivuli kizuri cha kujifichia. Ilikuwa ni kuvumilia Alhamisi, Ijumaa, na nusu ya Jumamosi. Lakini mama yake akaongeza neno moja.

"Mimi nikifika siku yangu, nataka ile ile. Uoke wewe. Niahidi."

"Mama," Nasimiyu akasema, na sauti aliyoisikia haikuwa yake. "Baba hakupokea."

"Ati?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akianzia na viazi, akaenda kwa Padre Wamalwa, akarudi kwa kijiko na kola za mashati. Alipomaliza, mama yake alikuwa ameshika sare moja na kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hivyo alikula viazi."

"Mama..."

"Alifunga siku nzima, akakula viazi."

"Padre anasema Mungu anaangalia moyo. Ndoa yenu ni ya kweli, mafuta aliyopakwa ni ya kweli..."

"Sikuulizi Padre. Umejua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na ulikuwa unangoja nini?" Mama yake alisema bila kupaza sauti, na afadhali angepiga kelele. "Kila siku namwombea kama mtu aliyefika. Hata siombi sana, kwa maana najua amefika. Wewe unakaa hapa unajua, unaniacha siombi."

Hilo Nasimiyu hakuwa amelifikiria. Aliwaza aibu yake, pete yake, jina la nyumba. Hakuwaza kwamba kuna mwanamke Section 58 aliyekuwa amepunguza sala kwa sababu ya uongo wa binti yake.

*

Alienda moja kwa moja kwa Mama Mkuu, akamwambia amevunja agizo. Mama Mkuu alifumba macho kidogo. Halafu akatafuta fimbo yake, akainuka.

"Bado inaweza kurekebishwa," alisema. "Mama yako ni mtu mzima."

Wakamkuta bado ameketi kitandani kati ya vitenge. Mama Mkuu hakukaa kwenye kiti. Alishika ukingo wa kitanda, akateremka polepole, goti moja halafu la pili, uso umekunjamana kwa maumivu, mpaka akawa amepiga magoti mbele ya mjane wa fundi wa reli.

"Mama Mkuu, simama, tafadhali!" Mama Nasimiyu alishtuka. "Usinifanyie hivyo, nitapata laana!"

"Wacha nikuombe hivi hivi. Makosa ni yangu. Mimi ndiye nilipaswa kuangalia hiyo jiko. Lakini keshokutwa watu wanakuja. Habari ikitoka sasa, hakutakuwa na nadhiri. Nani atashika mkono wa msichana ambaye watu wanasema amewalisha dawa? Na hii nyumba itafungwa, nakwambia. Nakuomba unyamaze. Kidogo tu. Mzee tutamsomea Misa, nyingi, za kweli."

"Mtataja jina lake? Mtasema ni kwa nini?"

"Jina tutataja. Sababu..." Mama Mkuu alitikisa kichwa.

Mama Nasimiyu alimtazama binti yake, lile shela la kijivu, ile shingo iliyokonda. Alimtazama muda mrefu kama mtu anayepima kitambaa asichoweza kukinunua.

"Anataka sana hii kitu," alisema hatimaye. "Tangu akiwa mdogo. Alikuwa anajifunga taulo kichwani anabariki kuku. Sawa. Nitanyamaza."

"Mungu akubariki."

"Lakini Jumapili nikirudi, akina mama wa jumuiya wataanza. Wataniuliza, mzee wako alipokea, si ndio? Wanapenda hiyo hadithi. Nitawaambia nini?"

Mama Mkuu akajibu, "Waambie alipokea."

"Alipokea," Mama Nasimiyu akarudia. Akajaribu tena, polepole, kama anayejifunza kusema neno la lugha ngeni. "Mzee wangu alipokea. Alikwenda na..." Akakwama. Midomo yake ikaendelea kusogea bila sauti.

Nasimiyu alivumilia kila kitu mpaka hapo. Alivumilia Kamere, mwenye duka, hata zile konzi za hostia na chai. Lakini kumwona mama yake akijifunza kumdanganyia, aliona hilo halibebeki.

"Mama, usiseme," alisema. "Mama Mkuu, mwachilie. Mimi sitaweka nadhiri."

"Nasimiyu!"

"Nitaapa nini basi? Nipige magoti pale mbele niseme ninamtolea Mungu maisha yangu yote, na mama amekaa benchi la mbele na kitu hiki mdomoni? Atakaa nacho mpaka afe. Na mimi nitavaa pete."

"Unatuua," Mama Mkuu alisema kwa sauti ndogo, bado amepiga magoti. Haikuwa hasira. Alikuwa anaeleza tu, kama daktari. "Mtoto wangu, unajua unatuua?"

"Najua, Mama."

Alimwinamia amsaidie kuinuka. Mama Mkuu alikubali mkono ule kwa sababu hakuwa na namna. Aliposimama, aliuachia haraka.

*

Jumamosi ilikucha na ukungu. Mama Mkuu alikuwa ameshapigia simu Askofu, mapadre na wageni, lakini huwezi kumfikia kila mtu, na tangu asubuhi watu walikuwa wanashuka langoni na kreti za soda na kuku waliofungwa miguu. Sista Kui alisimama nje akiwarudisha. Kila kundi lilirudi likinong'ona. Wengine hawakuondoka, walibaki barabarani wakingoja kuona.

Nasimiyu alikuwa chumbani kwake. Vazi la utawa si mali ya mtu, ni mali ya shirika. Alikunja nguo ya kijivu, akaweka shela juu yake, kisha msalaba, akavirundika kitandani vizuri kama vya mtu aliyefariki. Hapo akagundua hana cha kuvaa. Nguo alizokuja nazo akiwa msichana zilishagawiwa maskini zamani. Alisimama na shimizi, mikono imemfunika kifua, akitetemeka kwa baridi, mpaka Sista Chepkurui aliyekuwa akipita akachungulia, akashangaa, akaenda zake kumwita mama yake.

Mama yake hakuwa amesema naye tangu Alhamisi. Ijumaa nzima alikaa kanisani peke yake, akiomba kwa sauti, akimtaja mumewe kwa jina lote, kama anayeanza upya kazi aliyodhani ameimaliza. Sasa aliingia na mfuko. Akatoa sare ya shangazi, ya machungwa na maua ya samawati, akamvisha mwanawe kichwani kama anavyovishwa mtoto, akamfunga vifungo vya mgongoni. Ilikuwa pana mno. Akachukua pini kwenye kola yake mwenyewe, akaibana kiunoni.

"Kichwa," alisema.

Nasimiyu aliinamisha kichwa. Nywele zake zilikuwa fupi, zimelala upande mmoja kwa miaka ya kufunikwa. Mama yake akamfunga kitambaa kilichobaki.

Walipotoka, Mama Mkuu alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha chumba cha kuokea. Chuma kilikuwa baridi, mlango umefungwa kwa kufuli. Nasimiyu alikwenda akapiga magoti mbele yake kuomba baraka, kama sista anavyofanya akitoka nyumbani. Mkono wa Mama Mkuu uliinuka, ukasita juu ya kile kitambaa cha machungwa. Hakujua ambariki kwa maneno yapi, yale ya masista au yale ya watu wa nje. Mwisho akamgusa tu utosini na kugeuka ndani.

Langoni, watu waliopanga foleni ya umbea walinyamaza. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Ndiye huyo?" na mwingine akajibu, "Ndiye." Sista Kui aliwafungulia lango bila kuwatazama. Wanawake wawili wenye nguo zinazofanana walipita katikati ya watu, mmoja mzee, mmoja kijana, kama watu waliokosea tarehe ya harusi.

Walitembea mpaka lami. Ndipo Nasimiyu akasema, "Mama, mimi nitaenda wapi? Kwako ni chumba kimoja."

"Najua ni chumba kimoja."

"Kuna kitanda kimoja."

Mama yake aliangalia huku na huku kutafuta gari la Nakuru. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa na huruma, wala hayakuwa na hasira. Yalikuwa yamechoka tu.

"Utalala upande wa baba yako," alisema. "Ukiamka usiku, tunaomba."